Vikombe vya Rafu ya Juu

Funguo za duka zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya kiatu, na Mama Shamba alizilalia chini ya mto tangu siku alipoteleza penye zizi akavunjika nyonga. Asubuhi ile alizitoa, akazining'iniza juu ya kitanda. Binti yake, aliyekuwa amesimama na bakuli la uji, akanyoosha mkono kuzipokea. Ulikuwa mkono wa mazoea. Ndio uliomlisha mama yake na kumgeuza kitandani, na ndio uliokuwa ukifungua duka lile kila alfajiri.

"Si wewe," Mama Shamba alisema.

Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha ukashuka ukashika kijiko.

"Mke wa mwanangu, sogea."

Mkamwana alisogea. Walikuwa wamefika shambani juma lile tu, yeye na mumewe na godoro lao, baada ya kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume kufungwa, na mwenye nyumba kuwatolea vitu nje mchana kweupe majirani wakiangalia. Mpaka siku ile alikuwa anaosha vyombo bila kuambiwa na kula akiwa ameketi ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesikilizia basi lake.

"Duka na chumba cha chai nakupa wewe uendeshe," Mama Shamba alisema. "Mpaka viazi vivunwe. Nikiona limesimama, naliandika kwa jina la mume wako, na mtakaa hapa mpaka mzeeke. Likilala, nampa huyu, na nyinyi mtatafuta pa kwenda."

"Mama, na wifi je? Yeye ndiye aliyezoea."

"Wifi yako alipewa mume akashindwa kumtunza. Duka ni gumu kuliko mume."

Mume wa mkamwana, aliyekuwa ameegemea mlango, alicheka. Mama yake akisema neno la kuchekesha yeye hucheka, tangu utoto. Wifi hakugeuka. Alikoroga uji, akaupuliza, akaupeleka mdomoni mwa mama yake.

"Meza, Mama. Unapoa."

Mama Shamba alimeza. Kisha akapapasa dirishani nyuma yake, akatoa kikombe cha bati cha rangi ya buluu, kilichobanduka ukingoni. "Hiki chako," akamwambia mkamwana. "Kila mtu wa kule ana kikombe chake. Kakitundike."

Usiku ule mkamwana alilala amekikumbatia kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

*

Duka lilikuwa kando ya barabara, nyumba moja yenye milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa dukani: trei za mayai, madebe ya maziwa, mizani, magunia ya viazi na vitunguu, asali ndani ya chupa zilizowahi kuwa za kitu kingine. Wa pili ulikuwa wa chumba cha chai. Kilikuwa na meza sita, jiko nyuma ya ukuta mfupi, na birika kubwa lililoungua mpaka likasahau rangi yake. Ukutani kulikuwa na misumari, na kila msumari una kikombe chake, wala hakuna kilichofanana na mwenzake.

Siku ya kwanza mkamwana alichukua kikombe kilichokuwa karibu na mkono, akampelekea chai nesi wa zahanati. Nesi alikitazama kikombe kama kimeingia nzi.

"Hiki ni cha kinyozi."

"Kimeoshwa, dada."

"Najua kimeoshwa. Ni cha kinyozi."

"Mwache, nesi," kinyozi alisema kutoka meza ya dirishani. "Labda anataka tuoane."

Chumba kizima kilicheka. "Huyu mama mpya ana kazi," mmoja akasema, na tangu hapo jina lake likawa Mama Mpya. Hakuchukia. Alijifunza vikombe kama mtoto anavyojifunza majina ya wajomba, na haikupita siku nyingi akawa anaweza kutembea na sinia iliyojaa akimwekea kila mtu cha kwake bila kukosea. Wakati mwingine alikitazama cha kwake, cha buluu, kimening'inia kwenye msumari wa mwisho karibu na jiko, akahisi kwamba na yeye sasa ana mahali ambapo mtu hawezi kumtolea vitu nje.

Juu ya misumari kulikuwa na rafu. Hapo palikuwa na vikombe vingine, vizuri kuliko vyote, vya udongo mwembamba, vingine vina maua, vingine vina mstari wa dhahabu. Vyote vimefunikwa, midomo chini, vina vumbi. Kimoja, cheupe chenye maua ya zambarau, mkono wake uliwahi kuvunjika na mtu akauunga kwa uzi wa shaba uliozungushwa karibu karibu, kwa subira, kama wa kwenye kibiringo cha cherehani.

"Wifi, na vile vya juu?" aliuliza siku moja.

Wifi alikuwa amechuchumaa penye ndoo ya maji, anapima mayai. Linalozama ni zima, linaloelea ni viza. Alingoja yai moja lipande juu.

"Vile vya juu havitumiki siku hizi."

"Vizuri hivyo? Kwa nini?"

"Mama ni mtu wa kuweka vitu. Utamzoea."

Hakusema uongo. Aliukata ukweli katikati, akampa wifi yake nusu, nusu ya pili akabaki nayo. Lile yai viza alilitoa majini, akalipangusa kwa upindo wa kanga, akaliweka pembeni taratibu.

*

Duka lilisimama. Mkamwana alikuwa mtu wa kazi, na hofu ilimwongezea mikono mingine miwili. Aliosha madirisha ambayo hayakuoshwa tangu yawekwe. Alioka keki ya mayai yaliyopata ufa, ambayo zamani yalitupwa. Mumewe alipaka ubao rangi nyeupe, akaandika CHAI NA KEKI kwa herufi zilizoanza kubwa zikaishia ndogo kwa kukosa nafasi, akausimika barabarani. Magari ya wasafiri yakaanza kusimama. Watu walishuka, wakajinyoosha, wakanunua asali na mayai, wakaketi wakala keki na kulipa bila kuulizia bei ya jana.

Aliyemshinda ni Fundi Saa. Mzee huyu alifika mlango ukifunguliwa, akaketi meza iliyo chini ya rafu, akaweka kimfuko cha bisibisi zake mbele yake na kuagiza chai moja. Chai hiyo moja aliinywa mpaka jua likawa utosini. Kiti cha pili cha meza ile alikiinamisha kikaegemea meza, asikae mtu.

Siku moja lilisimama gari la familia, na watu wakajaa mlangoni wakiangaza pa kukaa.

"Mzee, nina wageni," mkamwana alisema. "Naomba meza."

"Meza ziko sita."

"Zimejaa. Na wewe chai yako imeisha tangu asubuhi."

"Haijaisha." Fundi Saa akainamisha kikombe chake. Chini lilikuwepo tone.

"Mzee wangu, kiti ni cha mteja."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni wa kikombe kimoja."

Mgeni mmoja alicheka, mwanamke mwenye miwani ya jua kichwani. Mkamwana hakuwahi kuchekewa neno lake na mtu wa namna ile, na utamu wake ulimpanda kichwani. "Ukitaka kulea kikombe," akaongeza, "kakilelee nje. Benchi lipo."

Kinyozi hakucheka, wala nesi. Fundi Saa alikusanya kimfuko chake.

"Mimi hapa nakaa na mwenzangu," alisema.

"Mwenzako yuko wapi?"

Mzee aliinua macho. Mkamwana naye aliinua macho, akaona dari na madoa ya mvua. Akasema moyoni, masikini, akili imeanza kumtoka. Basi akamshika mkono kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kile kicheko.

"Haya, baba, mwite naye mkae nje. Kuna hewa."

Tangu siku hiyo Fundi Saa alikaa kwenye benchi la nje, kati ya magunia ya vitunguu. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, upande ambao mtu akigeuza shingo anaona ndani kupitia dirishani. Madirisha yalikuwa safi sasa. Aliona vizuri.

Jioni wakiosha vyombo, Wifi alisema, "Umemweza Fundi Saa. Mimi sikuthubutu."

"Biashara si undugu, wifi."

"Kweli." Wifi alisuuza sinia, akaitazama kwenye mwanga. "Mama atafurahi akisikia."

*

Habari ya basi aliileta mume. Alikutana na dereva kituo cha mafuta, wakaongea, na dereva akasema Jumamosi anapita na walimu wanaotoka mkutanoni, basi zima, wanatafuta pa kunywa chai. Wakipendezwa, watakuwa wanapita kila wakati.

"Viazi karibu vinavunwa," mume alisema. Alikuwa anatembea chumbani huku na huku kama mtu aliyeajiriwa upya. "Mama akisikia basi zima limesimama hapa, ataomba kalamu mwenyewe."

"Vikombe havitoshi."

"Vile vya juu si vimelala?"

"Wifi alisema havitumiki."

"Havitumiki kwa sababu havijatumiwa." Mume alikuwa ametoka shambani kijana mdogo, wakati chumba cha chai kilikuwa bado banda la majembe. Alichokijua pale ni zizi tu. "Kikombe ni kikombe, mke wangu."

"Nimuulize Mama?"

"Umuulize mgonjwa habari za vikombe? Ili aseme hata vikombe vimekushinda? Wewe vioshe tu."

Ijumaa mchana mkamwana alipanda kigoda. Alikuwa ameshateremsha vitatu Wifi alipoingia na ndoo ya maziwa. Wifi alisimama. Maziwa yaliyumba ndani ya ndoo, yakapunguza kuyumba, yakatulia.

"Unaviteremsha."

"Wageni ni wengi, wifi." Mkamwana alikuwa ameshika kile cheupe chenye uzi wa shaba. "Kuna ubaya?"

Mtu akitaka kusema, hapo ndipo pa kusema. Wifi aliutazama uzi wa shaba. Alimkumbuka aliyekinywea, alivyokuwa akikishika kwa mikono miwili hata wakati wa joto. Alikumbuka pia mkono wake mwenyewe juu ya kitanda cha mama yake, umenyooshwa, umeachwa. Akaweka ndoo chini, akafuta viganja, akaenda dirishani.

"Hii hapa sabuni," alisema. "Vina vumbi la siku nyingi."

*

Jumamosi walimu walishuka wakiwa na njaa na furaha. Walijaza meza zote, wakasimama na penye kaunta, wakasifu keki. Mkamwana alipita katikati yao na sinia, jasho linamtiririka, anacheka na kila mtu. Mumewe alisimama mlangoni amevaa shati la harusini, anawakaribisha watu walioingia zamani. Wa siku zote nao walikuja, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya kuchukua mayai, wakabanana pembeni na vikombe vyao.

Wa kwanza kunyamaza alikuwa nesi. Alikuwa anamtazama mwalimu mmoja mnene, mkate wake umechovywa kwenye kikombe chenye mstari wa dhahabu, chai inamwagika ukingoni. Kinyozi akafuata macho ya nesi, naye akanyamaza. Ukimya ule ulipita kwa watu wa pale peke yao, kama baridi inayopita chini ya mlango. Wageni waliendelea kuongea.

Kwenye meza ya chini ya rafu alikaa kijana mmoja mwenye tai iliyolegezwa. "Kikombe gani hiki?" aliwaonyesha wenzake. "Kimefanyiwa upasuaji." Wakacheka. Alipomaliza chai aliwasha sigara, na kwa kuwa hakuona pa kutupia majivu, akakung'uta humo humo.

Fundi Saa aliingia kutoka nje. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza yake ya zamani.

"Naomba hicho kikombe," alisema.

"Mzee, subiri zamu," kijana alijibu. "Vipo vingi, chagua kizima."

"Naomba hicho."

"Mama," kijana akamwita mkamwana, "huyu mzee wenu ana kiu."

Mkamwana alikuja mbio. Aliona mambo yanaharibika mbele ya basi zima, tena kwa sababu ya mzee yule yule. "Tulikubaliana nini, mzee? Nje. Usinisumbulie wageni." Na kwa kuwa Fundi Saa hakuondoka wala hakuinua sauti, alikinyakua kikombe mezani, akamwaga majivu na kishungi cha sigara kwenye ndoo ya maji machafu, akamsukumia kifuani. "Haya, chukua. Nywea hicho hicho, na leo utalipia."

Fundi Saa alikishika kwa mikono miwili. Alichomeka kidole ndani, akafuta. Kidole kilitoka cheusi. Akafuta tena.

"Ni cha mkewe," Wifi alisema kutoka kaunta. Hakupaza sauti, lakini alingoja mpaka kila mtu amenyamaza. "Marehemu. Vyote vya juu ni vya marehemu. Mtu wa hapa akifa, kikombe chake hupandishwa kikafunikwa. Hakinywewi tena."

Mwalimu mnene alishusha kikombe polepole. Mwanamke mmoja alitema chai kwenye leso. "Mmetunywesha vya maiti?" mtu akauliza, na viti vikaanza kukwaruza sakafu. Walitoka kwa kusukumana. Wengine keki waliiacha ilivyoumwa. Mume alisimama mlangoni akisema, "Jamani, jamani, vilioshwa," na hilo likazidi kuwafukuza.

Wageni walipokwisha kutoka, kinyozi alisimama. Alimwaga chai yake nje ya dirisha, lakini kikombe hakukirudisha kwenye msumari, alikitia mfukoni. Nesi alichukua kile chenye mstari wa dhahabu mezani pa mwalimu. Kilikuwa cha mama yake. Akakifunga kwenye kitambaa pamoja na cha kwake. Mmoja mmoja wakaja ukutani, kila mtu akachukua kikombe chake, wakaondoka. Fundi Saa alikiacha cha mkewe juu ya kaunta, akatoka mikono mitupu.

Ukutani ilibaki misumari, na mwishoni karibu na jiko kikombe kimoja cha buluu.

*

Mkamwana alikisugua kile cheupe mpaka vidole vikamwuma. Jumatatu alikipeleka kwenye kibanda cha Fundi Saa, kimezungushiwa kanga yake safi. Mzee alikuwa ameinama juu ya saa iliyofunguliwa, ana kioo jichoni. Saa nyingine ukutani kila moja ilikuwa na wakati wake.

"Shikamoo, baba."

Hakuitika.

"Nimekuletea kikombe. Nimekiosha. Baba, sikujua. Mungu ananiona, sikuambiwa."

"Weka hapo."

Akakiweka kati ya magurudumu madogo ya shaba. Alingoja. Mzee aliendelea na kazi.

"Nisamehe, baba. Nimekosa. Meza yako ipo, hata ukitaka kukaa mpaka jioni. Na ukiweza, uzungumze na wenzako. Duka lina siku mbili halijaingia mtu. Wakikuona umerudi, watarudi."

Fundi Saa alitoa kioo jichoni. Jicho lake, bila kioo, lilikuwa dogo na limechoka.

"Umekuja kwa ajili yake," alisema, akionyesha kikombe kwa kidevu, "au umekuja kwa ajili ya duka?"

Mkamwana alifungua mdomo. Angeweza kusema uongo, na pengine ungekubaliwa. Lakini aliona godoro lake limesimamishwa barabarani, limeegemea mti, watu wakilitazama madoa yake, akainamia magurudumu ya shaba.

"Basi," mzee alisema, akarudisha kioo jichoni. "Kanga yako usiisahau."

*

Mama Shamba aliwaita wote, akapokea funguo zake na kuzirudisha chini ya mto. Wifi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anamkata mama yake kucha za miguu. Mkamwana alipiga magoti bila kuambiwa.

"Mama, hukuniambia habari ya ile rafu."

"Nani humwambia mtu asikalie kaburi?"

"Nilimuuliza wifi. Mara mbili nilimuuliza."

"Uliniuliza kama vinatumika," Wifi alisema, macho kwenye kucha. "Nikakuambia havitumiki."

"Ukanipa sabuni."

"Ulikuwa unaihitaji."

"Mimi nilimwambia akuulize kwanza, Mama," mume alisema. "Nilimwambia, nenda kamuulize Mama."

Mkamwana aligeuka akamtazama. Alimtazama muda mrefu, na mume akaanza kukagua kitasa cha mlango kama kilikuwa na kasoro.

"Mama," mkamwana alisema, sauti imeshuka, "duka lilikuwa limesimama. Wasafiri walikuwa wanakuja kila siku. Wewe mwenyewe ulisema likisimama..."

"Msafiri anapita. Mvua zikishika, barabara ile hata punda haipiti. Nani alinunua maziwa yangu wakati wa mvua miaka yote hii? Wasafiri?" Mama Shamba alivuta mguu mmoja, akatoa mwingine ukatwe kucha. "Kinyozi. Nesi. Yule mzee uliyemtoa nje kama kuku."

"Lakini wifi alijua. Aliniona nikiviteremsha, akanyamaza."

"Najua alinyamaza. Unadhani sijui nilichozaa?" Kwa mara ya kwanza mama alimtazama binti yake kwa macho yaliyokaribia kuwa ya kujivunia. "Nilidhani hana kitu tumboni. Kumbe anaweza kukaa kimya, akangoja, mpaka chungu kikaiva. Duka linataka mtu wa namna hiyo. Wewe una mikono mizuri, lakini mikono huajiriwa."

Akatoa funguo chini ya mto. Safari hii Wifi hakunyoosha mkono. Alimaliza ukucha aliokuwa anaukata, akakung'uta vipande sakafuni, ndipo akapokea.

"Na sisi, Mama?" mume aliuliza. "Twende wapi?"

"Muulize mwenye duka."

Wifi alizifunga funguo upindoni mwa kanga yake. "Kaka atakamua," alisema. "Wifi ataosha vyombo. Chumba cha stoo kina nafasi, magunia yakisogezwa." Kisha akainama, akaokota vipande vya kucha kimoja kimoja kwa kiganja, akamkabidhi mkamwana aliyekuwa bado amepiga magoti. "Kanitupie hizi."

*

Wateja walirudi wote ndani ya juma moja. Wifi aliwafuata majumbani mwao, hakupeleka maneno mengi, alipeleka maziwa. Kinyozi alitoa kikombe mfukoni, akatafuta msumari wake, akakitundika. Nesi alipanda kigoda mwenyewe kurudisha cha mama yake. Ubao wa CHAI NA KEKI uling'olewa, mume akaugeuza kuwa mlango wa banda la ndama.

Mkamwana alianza kazi asubuhi ile wa mwisho wao waliporudi. Aliingia kwa mlango wa nyuma na ndoo mbili za maji. Fundi Saa alikuwa ameketi meza yake, kiti cha pili kimeinamishwa, chai moja mbele yake. Juu ya kichwa chake, kwenye rafu, kile cheupe chenye uzi wa shaba kimefunikwa mahali pake. Hakumtazama mkamwana, wala hakumgeuzia mgongo. Alikunywa.

Mkamwana alikoleza moto, akachemsha maziwa, akaosha sinia. Watu walipohudumiwa, alipata nafasi ya kumeza kitu, akanyoosha mkono kwenye msumari wa mwisho. Mkono ulishika ukuta. Akatazama chini labda kimeanguka. Akatazama penye sahani, akatazama nyuma ya birika.

Ni kinyozi aliyemfumbua macho bila kutaka. Alikuwa anatazama juu, kisha akashusha uso haraka kama mtu aliyechungulia bafuni kwa watu.

Mkamwana aliinua macho. Mwisho wa rafu, baada ya kile chenye maua ya zambarau, kilikuwepo kikombe cha bati cha buluu kilichobanduka ukingoni. Kimefunikwa, mdomo chini.

Nesi alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Mume alipita dirishani na ndoo ya maziwa, akaona mkewe ametazama juu, akatazama na yeye, akaendelea na safari yake ya zizini.

"Wifi," mkamwana alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, ya mtu anayeuliza njia. "Kikombe changu."

Wifi alikuwa nyuma ya kaunta, amechuchumaa penye ndoo, anapima mayai. Alingoja lile aliloshika lizame.

"Vile vya juu havitumiki siku hizi," alisema.

Kisha akanyoosha mkono dirishani bila kuinuka, akamsogezea sabuni.